Golikipa Aliyeambiwa Apike Chai

Ukigongwa kichwa uwanjani, ukaona mtu anakuja mbio na ndoo ya maji, mkimbie huyo kwanza. Naandika haya kwa ajili yako wewe utakayegongwa kesho au keshokutwa, kwa sababu viwanja vyetu vya huku Boko havikosi watu wenye ndoo, na kila mwenye ndoo anajiona daktari bingwa.

Naitwa Editha, golikipa wa timu ya wasichana ya mtaa wetu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na mama mmoja kutoka timu ya ligi alikuwa amekuja kututazama, akaniambia wakati wa masika ataniita kwenye majaribio. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka duniani. Darasani nilikuwa wa kawaida, na kwaya ya kanisani walinivumilia tu, lakini mpira wa juu ukija golini ulikuwa wangu, na mtaa mzima ulijua hivyo.

Mpira wa juu ndio ulionimaliza. Ilikuwa wakati wa vuli, uwanja umelowa. Ikapigwa kona, nikaruka, beki wetu mwenyewe akanisukuma kwa kiherehere chake, nikaenda kugonga kichwa kwenye nguzo ya goli. Nguzo yetu ni bomba la chuma. Sikuzimia. Niliona weupe, kisha nikauona uso wa kocha.

Kocha wetu hupenda kuitwa Profesa. Alikwenda kwenye semina ya ukocha ya siku chache, akarudi na cheti alichokitia kwenye fremu na kukitundika dukani kwake, juu ya mafuta ya kula. Basi Profesa akanimwagia ndoo nzima ya maji baridi kichwani, akanizaba vibao viwili, akauliza, "Unaitwa nani?"

"Editha."

"Mzima huyu! Anajua jina lake. Inuka mama, inuka, tunaongoza."

Hata kasuku anajua jina lake. Lakini hicho ndicho kilikuwa kipimo, na wenzangu wakapiga makofi, nami nikainuka. Nilidaka mpaka mwisho wa mechi na sikumbuki hata dakika moja. Wanasema niliokoa penalti. Picha yake ilizunguka kwenye simu za mtaa mzima: mimi nimekumbatia mpira, macho yamenigeuka, na Profesa nyuma yangu anacheka meno yote nje.

Nyumbani nilitapika. Mama akanifunga kichwa kwa kitenge kwa nguvu, kama vile ubongo ulikuwa unataka kutoka akauzuia. Majirani wakajaa sebuleni na elimu yao. Mmoja akasema nisilale, maana aliyegonga kichwa akilala haamki, basi wakawa wanapokezana kunifinya. Kichwa changu kilikuwa kinaomba kitu kimoja tu, usingizi, na hicho ndicho walichoninyima, tena kwa upendo.

Baba alinipeleka hospitali moja kule Kinondoni. Silitaji jina lake, maana haikunikosea kitu zaidi ya benchi lake. Kama hujawahi kuumwa kichwa cha namna hii, huwezi kujua benchi la hospitali ni adui kiasi gani. Taa ya ukutani ilikuwa inakonyeza, televisheni inapiga kelele ya tamthilia iliyotafsiriwa, na mama aliyeketi karibu yangu alitaka kujua kila kitu.

"Umefanyaje mwanangu?"

"Nimegonga kichwa."

"Aah, kichwa tu. Mie mwenzio figo."

Kichwa tu! Nikatamani nimwazime.

Daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo, nipumzike, nisicheze. Nikapigwa picha ya kichwa, ikatoka safi. Hiyo picha safi ilikuja kunitesa kuliko nguzo yenyewe. Daktari alieleza vizuri kwamba mtikisiko hauonekani pichani, lakini hilo hakuna aliyelibeba mpaka nyumbani. Walichobeba ni neno "safi". Nikifunga macho kwa sababu ya jua: "Picha si imetoka safi?" Nikishindwa kukumbuka nimetumwa nini dukani: "Mbona picha safi?" Profesa mwenyewe alikuja kuniona na juisi ya pakiti, akasema mbele ya mama yangu kwamba siku hizi wasichana ni walaini.

Vuli ikaisha, jua la Januari likaingia, nami niko chumbani dirisha limezibwa kwa khanga mbili. Sauti ya kijiko kwenye sahani ilinichoma. Muziki wa singeli wa jirani ulikuwa unapita ukutani na kukaa ndani ya meno yangu. Nikishika kitabu, mistari inapishana. Miguu yangu, ile iliyokuwa inanirusha kama nimekanyaga moto, ikalegea, na kwa kuwa mama alikuwa ananilisha kama mzazi aliyetoka kujifungua, tumbo likatoka.

Hapo mtaa ukapata jibu. Analala mchana, anatapika, hatoki nje, tumbo linakuja. Ni mimba! Walianza kuhesabu wavulana. Mwenye duka, fundi rangi wa mtaa wa pili, hata mwalimu wa kwaya maskini ambaye hawezi kumtazama mwanamke bila kuangusha karatasi zake. Shangazi yangu akapiga simu kutoka Bukoba kuuliza kama kijana ni Mkatoliki. Baba, mtu aliyefundisha watoto kusoma na kuandika miaka yote hiyo, akamtuma mama aje aniulize kwa busara. Mama akakaa pembeni ya kitanda, akakunja khanga, akaikunjua.

"Baba yako anauliza kama kuna jambo unataka kutwambia."

"Mwambie jambo ni kwamba nina baba asiyesikia daktari."

Hakuenda kumwambia. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nianguke, akafunika mdomo ili kelele isiniumize. Na baba naye nimtendee haki. Taarifa ya habari ya jioni hajaikosa tangu nimjue, na kwa kawaida huisikiliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya Bagamoyo. Siku zile alitoka nayo nje, akakaa nyuma ya tangi la maji, redio kaibana sikioni. Mbu walimla. Sikumshukuru.

Nilipoonekana siponi, daktari akaniandikia tiba kwa vitendo. Nikafurahi. Vitendo ni mambo ya mwanamichezo, nikaona mashine, mipira, kamba za kuvuta. Nikavaa traki suti.

Chumba chenyewe kilikuwa na jiko la gesi, sufuria, meza, kitanda na kabati la vyombo. Mtaalamu alikuwa Bi Mwanaidi, mwanamke mnene wa pwani, mwenyeji wa Kinondoni hapo hapo, anatembea kwa kandambili na kumwita kila mtu mwanangu, hadi wazee wa umri wake. Alichelewa, kisha akaingia akitafuna karanga. Nilimdharau papo hapo.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Haya, nipikie chai."

Nilidhani anatania. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nimekaa kwenye benchi lile la taa inayokonyeza, nimevaa traki suti, halafu naambiwa nipike chai na mtu anayetafuna karanga. Nikaweka maji, nikaweka sukari, nikawasha gesi, nikaweka sukari. Nikatafuta kikombe, nikasahau natafuta nini, nikaweka sukari. Nikammiminia. Akanywa funda moja, akaitazama chai.

"Majani yako wapi?"

Ndani ya sufuria kulikuwa na maji matamu, meupe kabisa. Nimepika chai tangu nikiwa sifikii jiko. Nikaanza kulia pale, na hasira zangu zote zikaisha kazi.

"Chai hii naijua," akasema, akanywa tena. "Mume wangu aliinywa mwezi mzima nilipoolewa, na mie kichwa sikugonga popote. Kaa chini."

Kazi zake zote zilikuwa za namna hiyo. Chambua mchele, lakini kengele ya simu ikilia acha, hata kama hujachoka. Kunja nguo redio ikiwa chini. Kunja nguo redio ikiwa juu kidogo. Nilibishana naye sana kuhusu kengele. Mimi nimefundishwa kwamba ukichoka unaongeza, ukiumia unakaza. Yeye alitaka niache kabla maumivu hayajaja, nipumzike macho yamefunikwa, ndipo niendelee. Nilimwambia hayo ni mazoezi ya wavivu.

"Wewe umekaza tangu vuli," akasema. "Umefika wapi?"

Nikamchukia kwa hilo pia. Nyumbani ndiko kulikokuwa na vita. Baba aliponiuliza leo wamenitibu nini, nikamwambia nimechambua mchele.

"Mchele?"

"Kilo moja hivi. Nilipumzika katikati."

"Yaani natoa mtoto Boko mpaka Kinondoni akawe mtumishi wa ndani?" Kisha akakumbuka asipaze sauti, akaimalizia hasira yake kwa kunong'ona, na mwalimu anayefoka kwa kunong'ona ni kichekesho. Mama hakubishana naye. Kesho yake aliweka ungo mezani na mchele ndani yake, akatega kengele kwenye simu yake, akaketi upande wa pili, tukachambua wote wawili. Ilipolia aliacha na yeye. Tulikula mchele msafi kuliko nyumba yoyote Boko.

Masika ikaja. Khanga moja ikatoka dirishani. Bi Mwanaidi akanituma sokoni Tegeta kununua vitu vichache bila kuandika. Nikarudi na nyanya na kitunguu, nikasahau bamia, akasema bamia zenyewe hazipendi. Kisha ikasadifu shangazi anakuja kutoka Bukoba kujionea mwenyewe hiyo mimba, na Bi Mwanaidi akanipa kazi hiyo: nikampokee kituo cha mabasi cha Mbezi, peke yangu, nitafute basi lake.

Nilijiona nimepona. Nikafika pale, wapiga debe wananivuta mikono, honi, vipaza sauti, mabasi yanarudi nyuma yakilia, watu na mabegi wananipitia pande zote. Nikajikuta nimeshika nguzo, nikatapika juu ya viatu vya mtu. Kijana wa mizigo akamwambia mwenzake, "Mcheki sista, mimba changa hiyo." Na shangazi alikuwa ameshashuka, amesimama nyuma yangu na mfuko wake wa senene wa kukaanga, amesikia.

Shangazi alikaa kwetu wiki kadhaa akinilinda kama polisi. Alipoona hakuna tumbo linalokua, akaonekana kama mtu aliyedhulumiwa. Majaribio ya timu ya ligi yalifika, yakapita, mimi nikiwa nakunja nguo.

Nilitaka kuacha tiba. Bi Mwanaidi alisikiliza habari za Mbezi, akauliza kengele nilitega? Sikutega. Nilikaa sehemu ya kivuli kabla ya kuingia? Sikukaa. "Basi umekwenda kudaka bila glavu," akasema, akanirudisha kwenye mchele. Nilirudi Mbezi mwishoni mwa masika kumsindikiza shangazi. Nilipumzika mara tatu, macho yamefunikwa kwa mtandio, watu wakinishangaa, na basi nikalipata mwenyewe. Shangazi alinibariki dirishani akiwa bado ananikagua tumbo.

Kiangazi kilipoanza niliruhusiwa kukimbia, kisha kudaka mpira unaoviringishwa, kisha wa kurushwa kwa mkono. Mechi hapana. Kugongana hapana, mpaka daktari atakaponiona tena. Nilikuwa napika chai nzuri kabisa na nilikuwa nahesabu siku.

Hapo ndipo lilipokuja kombe la mbuzi. Ndiyo, mbuzi. Timu zetu zilicheza wiki nyingi, watu wakachaniana ngozi, kwa ajili ya beberu mmoja aliyefungwa kamba pembeni ya uwanja. Sisi tukaingia fainali. Golini alisimama Zuhura, mdogo wangu kwa mwaka mmoja, mtoto wa mama muuza vitumbua wa kona yetu, ambaye alikuwa akiniletea vitumbua vya moto chumbani wakati wengine wanahesabu wavulana. Alikuwa anaviweka mlangoni bila kugonga, kwa kuwa aliambiwa kugonga kunaniumiza.

Profesa akaniomba nikae benchi na jezi. "Kwa hamasa tu," akasema. "Wakikuona, wanaogopa." Nikaweka glavu kwenye begi, nikajidanganya ni za hamasa. Kisha nikamwona yule mama wa timu ya ligi. Amerudi, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mbuzi, akanipungia mkono, akaonyesha goli kwa kidole, kama anayeuliza lini.

Kipindi cha pili tulikuwa hatujafungana. Ikapigwa kona. Zuhura akatoka vizuri, akaufikia mpira, goti la mshambuliaji likampata juu ya sikio. Nilisikia ule mlio nikiwa benchi, na mwili wangu wote ukaujua. Profesa alishaanza kukimbia na ndoo.

Nilikimbia mimi pia. Maji yalishamfika, vibao vilishampata.

"Unaitwa nani?"

"Zuhura Athumani."

"Mzima huyu! Inuka mama."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mabega. "Zuhura. Niambie vitumbua vinapikwaje."

"Editha toka, huu si muda wa mapishi!" Profesa akafoka.

Zuhura alinitazama kama mtu anayenitafuta mbali. "Unaloweka mchele," akasema. "Unasaga na nazi. Unaweka hamira. Kisha..." Akatabasamu kwa aibu. "Unaloweka mchele."

Mtoto huyu amegeuza vitumbua kila asubuhi ya Mungu tangu akiwa darasa la tatu.

"Hachezi," nikasema.

Profesa akanitazama, akatazama goli, kisha akatazama mbuzi. Namwapia Mungu alitazama mbuzi. Uso ukamng'aa. "Basi ingia wewe! Glavu si unazo? Mbona umekuja na jezi? Ingia, yule mama yuko pale, leo ndiyo siku yako!"

Sitadanganya, nilizitaka glavu zile mpaka mikono ikaniwasha. Mama wa ligi alikuwa ameshasimama kwenye kiti chake. Uwanja mzima ulikuwa unaita jina langu, na kelele zile, mara ya kwanza tangu vuli, hazikuniumiza hata kidogo. Nilikuwa mzima karibu yote. Nikamtazama Profesa na ndoo yake tupu, mtu aliyebomoa vichwa viwili na hajui bado kama alibomoa hata kimoja, nikamwambia, "Muweke mbuzi adake."

Nikamtoa Zuhura nje, tukaenda nyuma ya ukuta wa ghala palipo na kivuli. Nyuma yangu watu walinizomea. Mwoga, walisema, na mengine yasiyoandikika. Walimweka beki golini, yule yule mwenye kiherehere, na kila aliyepiga alifunga. Nilimlaza Zuhura kichwa mapajani, nikamfunika macho kwa jezi yangu, nikampigia mama yake simu. Kila kelele ilipolipuka uwanjani alishtuka, akataka kuinuka.

"Nani yuko golini?" akauliza.

"Beki. Tulia."

Akajaribu kuinuka. "Nani yuko golini? Nirudi, watafunga, nani yuko golini?"

Alikuwa amesahau kwamba ameshauliza. Nikamrudisha kichwa chini taratibu, kama mama alivyokuwa ananirudisha mimi.

"Mimi," nikamwambia. "Niko mimi golini."

"Aah," akasema, na shingo yake ikalegea. "Basi sawa."